Maneno Ambayo Mfalme Hakuyasema

Kitabu changu kuhusu wafalme wa Uajemi wa kale nilikiandika mwenyewe, nikagharamia uchapishaji mwenyewe, na hakuna mtu Nairobi hii anayeweza kusema alinishika mkono. Nilikwenda nchi za Ghuba kulinda mlango wa jumba la makumbusho. Wenzangu kwenye zamu walizungumza mpira na mishahara. Mimi nilisoma maelezo yaliyobandikwa kando ya kila kitu kilichowekwa kwenye kioo, nikayashika kichwani, nikajiandikisha chuo, nikapata diploma. Mwishowe nikawa ninawatembeza wageni ndani ya jumba lile lile ambalo nilikuwa nikiwafungulia mlango. Nyumba yangu ya Uthiru imewekwa vigae hadi jikoni. Nayasema haya ili ieleweke kwamba kitabu hakikuandikwa na mtu aliyeokota habari kwenye simu.

Huku kwetu Uajemi tunaujua kutoka kanisani: yule mfalme aliyeiteka Babeli akawaruhusu Wayahudi warudi kwao. Zaidi ya hapo, sinema, ambamo Waajemi wanaonekana kama majini. Picha hiyo ilitoka kwa Wagiriki, na Wagiriki walikuwa maadui wao. Jirani mliyegombania mpaka wa shamba akipewa kazi ya kuandika wasifu wako wa mazishi, waombolezaji watasikia nini? Ndiyo maana sikuziamini hadithi za Wagiriki kuhusu majeshi ya Uajemi yasiyohesabika.

Upande wa pili wako wapenzi wa Uajemi, nao wamemgeuza mfalme yule kuwa malaika. Yako maneno yanayozunguka mitandaoni, yanayodaiwa kuandikwa kwa amri yake juu ya kipande cha udongo kilichofinyangwa mfano wa pipa dogo: kwamba alifuta utumwa, kwamba kila mtu aabudu apendavyo, kwamba mnyonge asionewe popote. Kipande chenyewe kipo kweli. Nimesoma tafsiri zake za wataalamu, zaidi ya moja. Kinamsifu mfalme, kinamtukana aliyemtangulia, kinaeleza jinsi miungu ilivyorudishwa kwenye mahekalu yake na watu wakarudishwa makwao. Juu ya kufuta utumwa, hakuna hata neno. Hayo yalitungwa na watu wa zama zetu. Sura yangu ya nne inaonyesha hivyo, na ndiyo sura ninayojivunia kuliko zote.

Lakini kitabu hakizinduliwi bila mgeni wa heshima. Nilimfuata mheshimiwa mmoja nyumbani kwake Spring Valley. Alikipima kitabu mkononi kama mtu anayenunua nyama.

“Hii kitu ni nzito, bwana.”

“Mheshimiwa, hata ukisoma sura ya nne peke yake.”

“Nitasoma yote.”

Ukumbi niliokodi katikati ya jiji ulijaa. Dada yangu mkubwa, aliyenipokea kwake Kabiria nilipokuja Nairobi kutoka magharibi mwa Kenya nikiwa sina hata godoro, alikuja na akina mama wa kanisa lake, wamefunga vitambaa vya rangi moja. Nilimketisha mbele. Nilitaka aone.

Mheshimiwa alisimama. Kitabu alikiacha mezani, akatoa simu mfukoni. “Ndugu zangu,” alisema, “mwandishi wetu ametuletea maneno haya kutoka Uajemi.” Kisha akasoma. Alisoma utumwa umefutwa, kila mtu aabudu apendavyo, mnyonge asionewe. Alisoma vizuri, nitampa haki yake. Akina mama walipiga vigelegele. Ukumbi mzima ulisimama. Dada yangu alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

Nilienda nikachukua kipaza sauti. Mwendesha sherehe akaona afadhali anitangulie: “Furaha imemzidi mwandishi wetu!”

“Mheshimiwa, asante,” nilisema. “Lakini maneno hayo hayamo katika kitabu changu. Kitabu changu kinaeleza kwamba mfalme hakuyasema.”

Sauti ikatoka nyuma: “Kwani wewe ulikuwepo?”

Watu wakacheka. Kijana mmoja aliyevaa tai akasimama. “Mgiriki akisifiwa hamuulizi kitu. Mtu wetu akisifiwa ndiyo mnaleta utafiti!”

“Mwajemi amekuwa mtu wetu tangu lini?” nilimuuliza.

“Tangu waanze kumtukana!”

Hapo walipiga makofi. Mheshimiwa alinishika bega, akacheka na ukumbi. “Wasomi, jamani! Huyu hata ukimsifu mama yake, ataomba ushahidi.”

Nakala ziliuzwa jioni hiyo, nyingi. Niliwaona wanunuzi wakisimama mlangoni, wakipekua kurasa, wakiyatafuta maneno yale.

Jumapili iliyofuata dada yangu alikuja Uthiru baada ya ibada. Aliweka kitabu mapajani.

“Mtoto wa mama, nionyeshe huo ukurasa.”

“Hakuna, dada.”

“Uliutoa?”

“Haukuwahi kuwepo. Mfalme hakusema hivyo.”

Nilikichukua kitabu nikamtafutia kitu bora zaidi. Katika jumba la wafalme wa baadaye wa Uajemi vilichimbuliwa vibao vidogo vya udongo. Makarani waliandika humo chakula cha vibarua: shayiri kwa huyu, divai kwa yule. Hapakuwa na Mgiriki wa kusingizia wala mpenzi wa kupamba, ilikuwa ni kazi ya ofisi tu. Mwanamke akijifungua aliongezewa posho. Mama wa mtoto wa kiume alipata mara mbili ya mama wa msichana.

“Hii ndiyo kweli,” nilimwambia. “Tena ni tamu kuliko ile ya mheshimiwa.”

Dada yangu alilea mabinti wanne kwa kufua nguo za watu.

“Kwa hiyo hata huko ningekula nusu.”

“Dada, si hoja hiyo.”

“Wewe ulivuka bahari, ukasoma, ukajenga, halafu ukaniletea habari ninayoijua?”

Nilianza kumweleza thamani ya ushahidi. Akainua mkono kuninyamazisha, jinsi alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. Akina mama, alisema, walikwisha kuyashika maneno ya mheshimiwa kwa kichwa. Wangeyasema kwa pamoja kwenye ibada ya wanawake.

“Waambie si kweli.”

“Waambie wewe. Wewe ndiye una diploma.”

Sikwenda kuwaambia. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia ukumbi mzima kwa kipaza sauti.

Miezi ilipita. Siku moja, nikipita katikati ya jiji, nilikiona kitabu changu kimetandazwa kwenye kando ya barabara, juu ya karatasi ya nailoni. Haikuwa nakala yangu; wezi wa vitabu walikuwa wameichapa upya. Rangi za jalada zilikuwa zimefifia na karatasi ilikuwa nyepesi. Nyuma, chini ya picha yangu, walikuwa wameyachapa maneno yale yote, na jina langu chini yake.

“Hiyo haikai hapa, mzae,” muuzaji aliniambia. “Nikileta asubuhi, jioni zimeisha.”

“Maneno haya ni ya uongo. Mimi ndiye mwandishi.”

Alitazama picha, akanitazama. “Kumbe ni wewe! Sasa mbona unakataa maneno yako?”

Nilifungua sura ya nne, nikidhani wameikata. Ilikuwepo nzima, kila hoja mahali pake. Kitabu kimoja: jalada linadai, sura inakanusha. Muuzaji alisema hakuna mnunuzi aliyewahi kurudisha hata nakala moja.

Mama mmoja aliyekuwa akichagua vitabu alisikia mimi ni nani. Alilipa, akaninyooshea nakala yake pamoja na kalamu. “Niwekee sahihi, mwalimu. Hapa, chini ya haya maneno.”

Nilifungua ndani, nikaweka sahihi juu ya sura ya nne, nikapiga na mstari chini ya kichwa chake. Alinishukuru sana. Kisha alikifunga kitabu, akakigeuza, akaondoka akisoma jalada.