Mgongo wa Hariri Nyeusi

Mbunifu wa mavazi niliyemshonea miaka mingi alikuwa Mhispania. Kwao aliwahi kuwa na duka lake la mitindo. Lilipofungwa akageukia mavazi ya filamu na maigizo, na filamu moja ikamleta Johannesburg, akabaki. Aliishi mtaa wa Troyeville. Mimi ni fundi cherehani kutoka Tanga, na chumba changu cha kazi kiko Jeppestown, mtaa wa jirani. Nilikuja nikijua kanzu na sare za shule. Mengine nilijifunza kwa kufumua nguo zake za zamani na kuzishona upya.

Kamera huona mbele, alinieleza. Kwa hiyo nyuma tulibana kwa vibanio na pindo tukaliacha wazi. Mwigizaji wa maiti alikuwa rahisi kuliko wote: tulipasua gauni mgongoni, tukamtandikia kwa juu.

Saratani ilipomshika, aliniletea hariri nyeusi.

"Fundi, hili langu. La kuzikiwa."

"Mama, kwetu maiti havai mshono. Ni sanda tu."

"Kwenu, sawa. Mimi nimetengeneza migongo ya uongo nusu ya maisha yangu. Hili liwe na mgongo, na mtu asilipasue."

Nikamkubalia.

Kila alipokuja kujaribu, nilipunguza: kwanza ubavuni, kisha kifuani, kisha mabegani, ambako mifupa ilikuwa imetokeza. Hakutaka huruma. Siku moja tepu ya kupimia ilikawia kiunoni mwake.

"Unapima au unasali?"

"Napima, mama."

"Basi pima, mimi naona baridi."

Alifariki kabla majira ya baridi hayajaisha. Gauni nililipeleka mochwari mwenyewe. Mhudumu alikuwa mama wa Lubumbashi, Kongo. Aliposikia Kiswahili changu akacheka, kisha akaligeuza gauni, akaacha kucheka.

"Papa, hii haiingie. Mikono imekauka. Siye hapa tunapasuaka mugongo tu, kila mutu. Nani ataona?"

"Hakuna. Lakini usipasue."

"Basi utamuvalisha weye?"

Nisingeweza. Sikuwa mumewe wala ndugu yake. Niliomba meza, nikafumua mshono wa kati wa mgongo kutoka shingoni hadi pindoni, polepole, ili hariri isichanike. Yule mama akaenda kumvika nyuma ya pazia. Alimlaza ubavu, akamfunika shuka na kuacha wazi sehemu ya mshono tu, ndipo akaniita.

"Fanya mbio, papa. Wengine wanangojea."

Nilishona kwa mkono. Baridi ya mwili ilipenya kitambaa, vidole vikawa vizito. Gauni lilikuwa limekuwa kubwa tena. Tangu jaribio la mwisho alikuwa amezidi kukonda. Ningeweza kuliacha hivyo. Nilikunja ziada kwa ndani, sawa pande zote mbili, nikapunguza mara nyingine, nikapanda na uti wa mgongo hadi shingoni. Hapo nikafunga fundo, na uzi nikaukata kwa mkasi, si kwa meno kama nilivyozoea.