Geji Tatu na Ng'ombe za Baba Roda

Nyanya yangu aliogopanga giza (na huku majirani wakisema mchawi ni yeye), basi mvua zikianza anatutuma tumshikie vimulimuli, anavitia kwenye chupa kando ya kitanda, tunalala tukiangalia ile nuru ya kijani ikipumua polepole. Asubuhi vyote vimekufa. Kila siku vinakufa, na kila siku tunashika vingine. Mimi sikusoma sana, darasa la tatu likanitosha, lakini nafikiri hapo ndipo ilianzia aibu ambayo hata leo nikiikumbuka nafunika uso na kofia, hata nikiwa peke yangu.

Kwa sababu miaka ya tisini, nikiwa na pikapu kuukuu, nilipata kwa muuza vyuma geji tatu, ya joto, ya oili na ya betri, na ndani zina vitaa vya kijani, kijani kile kile cha chupa ya nyanya. Nikampelekea Makokha, fundi wa waya.

"Moto nitoe wapi?" akaniuliza. "Nikitoa kwa swichi, ukizima gari nazo zinazima."

"Zisizime."

"Nikitoa kwa betri moja kwa moja zitakunyonya betri, ndugu yangu."

"Taa kidogo hivi zitanyonya nini?"

Akacheka, akafunga waya nilivyotaka. Nikaenda nazo nyumbani Shieywe, nikalala nikizitazama kwa dirisha.

Kesho yake nilikuwa naenda upande wa Lurambi kwa kina Roda, msichana niliyetaka kumuoa, kuonana na baba yake mara ya kwanza. Mzee akikubali, natuma wazee wetu na ng'ombe za mahari. Akikataa, Roda ataolewa na mwalimu mmoja jirani mwenye baiskeli (baiskeli nzuri, nisiseme uongo). Asubuhi gari ilikohoa kabla ya kuwaka, nikasema ni baridi.

Nilipofika, Roda akachungulia ndani. "Kwani hujazima?"

"Nimezima. Hizo hazizimangi."

"Zinafanana na vimulimuli," akasema polepole.

Sasa wewe niambie, ungetoa waya?

Nikalishwa obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, nikapewa hata firigisi, na firigisi ya kuku hapewi mtu hivi hivi. Baba Roda akaniambia, "Kijana wangu, naona unajipanga." Mvua ya saa kumi ikaja, ikapita, nikaaga, maana mtu halali ukweni. Nikawasha gari. Tk. Nikajaribu tena. Tk. Vitaa vyenyewe vilikuwa vinafifia kama vya chupa karibu na alfajiri.

Wakasukuma boma nzima, matope yakakataa. Shangazi yake Roda akajipangusa uso: "Tulidhani gari imeleta mkwe, kumbe mkwe ndiye ameleta gari!"

Baba Roda akasema, "Leteni ng'ombe."

Fahali wawili wa kulimia, na nira, na kamba kwenye bampa. Shangazi akapiga makofi: "Sisi tunangoja ng'ombe zitoke kwake, na zetu ndizo zinampeleka! Roda, hapa nani anaoa nani?" Roda akacheka mpaka akashika nguzo.

Lakini fahali wakienda, nilisahau aibu. Walitembea pole pole kati ya miwa, boma nzima ikifuata nyuma, maji yakidondoka kwa majani, mimi nimeshika usukani kama bwana harusi, macho yanajifumba, karibu niamini hii yote ni sherehe yangu.

"Achilia klachi!" baba Roda akapiga kelele, akiwachapa wakimbie.

Nikaachilia. Gari ikashtuka, injini ikakataa, magurudumu yakakwama, nira ikapasuka kaa! na fahali wakaingia kwenye miwa.

Mzee akaokota kipande. "Hii nira aliniachia baba yangu," akasema, na sauti ilikuwa chini sana. Hata shangazi hakucheka. Mzee akakiweka kipande begani, akawafuata ng'ombe zake.

Tangu siku hiyo, taa yoyote nikiiona inawaka bure naizima, hata iwe ya watu, hata kanisani (nimegombezwa). Na ukiniuliza waya wa geji utoe wapi, toa kwa swichi, usitafute mengine.

Siku ile nikashuka garini. Ufunguo nikauacha pale pale. Kwenye dashibodi kitaa kimoja kilikuwa bado kinapumua, nikakingoja mpaka kikazima. Sikumtazama Roda. Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikaifuata barabara ya matope mpaka Shieywe, na kwa kina Roda sijarudi tena.