Uniwekee Maziwa

Juzi bungeni, hapa Columbus, mheshimiwa mmoja wa upande wa pili alinichambua kama karanga kwa sababu ya muswada wangu wa wapangaji. Zamu yangu ilipofika nilisimama, na badala ya kumjibu nikajikuta narudia aliyoyasema, neno kwa neno, kisha nikamuuliza kama nimemsikia sawasawa. Akatikisa kichwa kukubali, ameduwaa. Baadaye tulikutana kwenye ngazi, akaniuliza mbinu ile nilifundishwa chuo gani cha sheria. Nikacheka tu. Ningeanzia wapi kumweleza, rafiki yangu? Kwamba niliisomea juu ya zulia la kahawia, sebuleni kwa bibi, katika nyumba za kupanga za Newburg kule Louisville?

Nikifumba macho naisikia ile sebule kabla sijaiona. Hita inagonga ukutani. Mama anatwanga sombe, majani ya muhogo, jikoni polepole, maana jirani wa chini alikuwa mwepesi wa kulalamika. Baba amelala chumbani na buti zake ziko mlangoni, katoka zamu ya usiku ghalani Okolona. Bibi, mama yake baba, yuko kwenye kiti chake karibu na hita, na pembeni yake bakuli la maziwa limefunikwa kisahani. Aliyanunua dukani kwa galoni, akayaweka pale kwenye joto ili yagande, na kila mara yalimwangusha. Yalichacha, yakakatika, lakini kuganda kama ya kwetu milimani yaligoma. "Ng'ombe za huku zinakula nini?" alikuwa akiuliza, na sisi watoto tukimjibu kwa Kiingereza, basi anachukia zaidi.

Kwetu ni Kivu ya Kusini, juu milimani. Babu alikuwa chifu, na baba yake kabla yake, na baba mkubwa aliwahi kukaa ofisini na wakubwa wa jimbo. Siasa ilikuwa kazi ya nyumba ile. Ndiyo iliyommaliza babu vilevile, na bibi alipovuka mpaka na watoto aliapa kwamba katika uzao wake hatatoka mkubwa mwingine. Watoto wangekuwa wauguzi, madereva, walimu, chochote. Mimi kwa bahati mbaya nilitaka kuwa kama babu, mtu ambaye sijawahi hata kumwona.

Lakini watu hawakumwacha bibi apumzike. Wakikosana, walikuja kwa mjane wa chifu. Jumamosi sebule ilijaa, viatu vikarundikana mlangoni, na hakuna aliyefungua kesi kabla hajanywa maziwa. Halafu ikaja sheria ya nyumba, ile ya babu: huruhusiwi kumjibu mwenzako mpaka maneno yake yarudiwe yote, naye akubali kwa kusema, "Njo vile nilisema," yaani ndivyo nilivyosema. Hapo bibi humgeukia mwingine, na neno lake la Kifaransa: "Bon, sasa jibu."

Wa kuyarudia maneno nilikuwa mimi. Kule milimani alikuwa mzee maalumu. Huku wazee walikuwa kazini, na bibi alisema mtoto hana upande. Basi nilikaa chini, katikati ya magoti ya watu wazima, nikinusa mafuta ya nywele na sombe, nikiyapokea maneno ya huyu na kuyapeleka kwa yule. Nilikuwa najiona, sikufichi.

Kesi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya majirani wawili waliofanya kazi ghala moja. Mmoja alikuwa na gari, akimbeba mwenzake kila siku. Asubuhi moja ya theluji alimwacha, na yule aliyeachwa akapoteza kazi. Wake zao, waimbaji wa kwaya moja, wakaacha kukaa benchi moja kanisani, na kwaya nzima ikaanza kugawanyika. Mwenye gari akasema, "Kila siku napiga honi, kila siku anatoka akitafuna. Miye niko na watoto. Wakinifukuza, nani atanipokea?" Mwishoni sauti ilimtetemeka kidogo.

Nikairudisha hivyohivyo, na kutetemeka kwake. Sikumwigiza kwa dharau, ndivyo nilivyoisikia. Yule aliyeachwa, ambaye siku zote alikumbuka honi tu, aliinamisha kichwa. Mwenye gari akafuta macho, akasema, "Njo vile nilisema." Na bibi alipomwambia mwingine ajibu, alisogea akampa mwenzake mkono. Wiki iliyofuata mwenye gari alikwenda mwenyewe kumwombea kazi msimamizi wao, na mke wa yule aliyeachwa akaanza kumfungia mumewe chakula kwenye mfuko ili atafunie garini. Tulicheka mpaka mama akaacha kutwanga.

Jioni ya kesi ile nilingoja sifa. Bibi alikuwa anaosha vikombe, kanipa mgongo. "Uko na kinywa ya tate yako," akasema. Tate ni babu, na alivyolitamka jina hilo ungedhani anataja ugonjwa. Jumamosi iliyofuata nilipelekwa chumbani na madaftari ya shule, mlango ukafungwa, na kazi yangu akapewa binamu yangu aliyekuwa akisinzia katikati ya maneno ya watu. Nililia kwa hasira. Niliweka sikio mlangoni, na kila neno lililosemwa nikalirudia kimyakimya.

Miaka ikaenda. Bibi alihamia kwa shangazi, North Buffalo, kwenye nyumba ya mbao yenye hita kubwa ya chuma chini ya dirisha. Mimi nikaja Columbus kusoma sheria. Nilipopata uwakili bibi alifurahi, akawatangazia kanisa zima. Nilipotangaza kugombea kiti cha ubunge wa jimbo, akaacha kupokea simu zangu. Sikuweza kuendelea bila ruhusa yake. Nikaendesha gari nusu siku kwenye theluji, nikavua viatu mlangoni, nikakaa chini pale miguuni pake kama zamani.

Hakunisalimia. Alianza tu kusema, akitazama dirishani. "Walikuja kumuita tate yako mchana. Walisema watu wanamungojea, mukubwa hawezi kukosa. Akaniambia, uniwekee maziwa, narudi sasa hivi. Nikamuwekea. Yakaganda, yakaharibika, sikuyamwaga mpaka siku tulikimbia. Nilikuwa na miaka michache kuliko wewe."

Nilikuja na hoja zangu, wakili mzima. Zote ziliniishia. Nikamrudishia maneno yake, polepole, mpaka lile la mwisho. Akasema, "Njo vile nilisema." Na kwa kuwa hapakuwa na mwamuzi mwingine, akasema yeye mwenyewe: "Bon. Sasa jibu."

Nikasema, "Uniwekee maziwa, Bibi."

Niliogopa nimemuumiza. Aliniangalia usoni, akainuka kwa kushika ukuta, akaenda jikoni. Alirudi na kikombe, akakiweka juu ya hita, akakifunika kisahani. "Usikawie," akasema.

Nilishinda. Tangu hapo kila bunge lilipoahirishwa niliendesha hadi Buffalo, na kikombe kilikuwa kinaningoja, maziwa yamechacha, yamekatika, naye analalamikia ng'ombe za huku.

Ile nyumba ya Newburg nimeipita mwaka huu. Imepakwa rangi ya kijivu, na mlangoni hakuna kiatu hata kimoja. Wale majirani wamenunua nyumba mbali, watoto wao wakikosana wanaandikiana kwenye simu. Binamu yangu msinziaji ni muuguzi, na hakumbuki kama aliwahi kurudia neno la mtu. Wakati mwingine nahisi ile sebule niliiota peke yangu.

Bibi alitutoka majira ya kuchipua, katikati ya kikao. Nilikuwa nimemwahidi Ijumaa, kura ikasogezwa, nikamwambia Jumatatu. Nilipofika nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji. Shangazi alinishika mkono, akanipeleka dirishani. Kikombe kilikuwa juu ya hita, kimefunikwa. Alikiweka mwenyewe Ijumaa, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Nikafunua. Yalikuwa yameganda vizuri, mazito, kama alivyoyatafuta miaka yote ile. Nikayanywa yote nimesimama, viatu vikiwa bado miguuni, nimekawia.