Baragumu la Vudee Limekosa Mwitikaji

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ungali umeilalia migomba ya Vudee, na Eliufoo anabisha hodi nyumba ya saba. Jembe liko begani. Baragumu, ile pembe ya tandala aliyorithi kwa baba yake, ameliacha nyumbani.

"Mama Yusto, ni mimi. Leo tunajenga ndiva. Niko peke yangu, sina askari."

Mlango unafunguliwa kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Utakuja?"

"Nitakuja. Ila usinipulizie tena hilo baragumu lako."

Kwa miaka ishirini na sita mzee huyu ametunza ndiva, bwawa la mawe na udongo linalojaa maji ya kijito usiku na kufunguliwa asubuhi yaende mashambani. Ukuta ukilegea, alipuliza, na watu wakaja kwenye msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na ujira. Hakuna aliyeulizwa kazaliwa wapi. Hata Wakikuyu waliokuwa wakipasua mbao msituni walishuka na sururu zao, na kwa kupanga mawe wenyeji hawakuwafikia.

Januari mwaka huu, 1953, jumbe alimwagiza apulize. Akapuliza. Watu mia moja na kumi walipokwisha kuinama wakichimba, askari walitokea pande zote wakidai vibali vya ukaazi. Wakikuyu kumi na wanne waliteremshwa Same kwa miguu ili warudishwe Kenya. Wenyeji watatu waliowapa malazi wakafungwa.

"Jumbe alijua, mimi sikujua," asema Eliufoo. "Lakini nani ataniamini? Pumzi ilikuwa yangu."

Wakubwa wanasema walikuwa wanalinda usalama, kwa kuwa Kenya inaungua kwa vita vya Mau Mau. Yawezekana. Ila usalama wa Vudee ulikuwa ule ukuta, na tangu siku ile baragumu likilia watu huingia ndani. Februari alipoita msaragambo, walikuja tisa. Ufa uliokuwa ukutani ukabaki ulivyo.

Masika yakaingia. Asubuhi moja ya Aprili ukuta ulianza kumeguka, na Eliufoo akapuliza hadi midomo ikatoka damu, akiwaonya walio bondeni wakimbie. Hedwiga, mjane aliyekuwa akiwapikia wapasua mbao na ambaye bado alikuwa amemficha mmoja wao, alisikia vizuri sana. Alikomea mlango. Maji yaliwakuta wote wawili ndani.

"Nilimfukua kwa mikono yangu. Komeo lilikuwa bado mahali pake." Mzee analia, wala hajifichi. "Alikuwa shemeji yangu. Mimi nampigia aokoke, yeye anadhani namuuza."

Msiba huu hauna wa kumfariji mwenzake. Kanisani watu humwachia Eliufoo benchi zima peke yake, na mkewe, Kaanaeli, asema siku hizi hali chakula mpaka aombwe kama mgonjwa.

Kufikia adhuhuri watu kumi na tisa wanabeba mawe. Mama Yusto yumo. Eliufoo amekusudia kupita mlango kwa mlango hivi hivi hadi ukuta ukamilike kabla ya vuli, hata kama magoti yatakataa.

Na baada ya hapo?

"Nitapuliza siku moja, mchana kweupe, hakuna kazi wala hatari," asema. "Nione kama yupo atakayetoka nje aniulize kuna nini."