Mama Vumbi na Simu ya Kila Saa

Jirani yangu wa ukuta mmoja ana pikipiki, na zipo siku anaipenda kuliko mumewe. Ni mpishi wa shule ya bweni. Siku sita anakoroga sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea humo, huku wasichana wakimwita mama, mama, mama, chumvi imezidi. Jumapili hataki kuitwa na mtu. Anavaa koti lake gumu na helmeti iliyokwaruzika kidevuni, na kabla sijafungua mapazia (nashona mapazia, lakini ya kwangu yana matundu) ameshapotea upande wa milimani. Anarudi jioni mwekundu kuanzia kope hadi kisigino. Ndiyo maana mtaa mzima tunamwita Mama Vumbi, naye anaitika.

Haendi na mtu. Niliwahi kuomba lifti nikaambiwa kiti cha nyuma kimelegea. Kiti hicho nimekikagua mwenyewe, na nati zote zimekaza.

Taabu ni mumewe. Alilinda ghala la mbolea mpaka alipostaafu, na kazi ile ilikuwa na sheria: kila saa ikigonga, mlinzi wa lango anaita kwenye redio, "Ripoti," na wa nyuma anajibu, "Hali shwari." Ghala aliliacha, sheria akaja nayo nyumbani. Mama Vumbi akiwa milimani, saa ikigonga, simu yake inalia. Walikubaliana hivi: aende peke yake, lakini apokee kabla simu haijanyamaza. Asipopokea, atafuatwa. Wala haukuwa utani. Siku moja betri ilimwishia, bwana akakodi pikapu, akapakia binamu wawili na kamba, wakamkuta amekaa kando ya kijito anamenya chungwa.

"Mwenzangu," aliniambia, "nikijua saa inakaribia kugonga, naendesha huku nasubiri. Sasa hapo niko peke yangu au niko langoni?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Akasema mambo yakiendelea hivi ataiuza pikipiki, maana uhuru nusu unauma kuliko kuukosa wote. Hapo nikashtuka. Mama Vumbi akae nyumbani Jumapili nzima, halafu mimi niishi naye ukuta mmoja?

Jumapili ya wiki ileile alipita njia ya machimbo ya zamani, kona juu ya kona, changarawe tupu. Changarawe ina adabu zake: hushiki breki ya mbele kwa pupa, hukazi mabega, unaiacha pikipiki icheze kidogo chini yako, na macho unayapeleka kule unakotaka kufika. Kona ya kwanza akaikata vizuri, ya pili vizuri zaidi, iliyofuata akaanza kuimba ndani ya helmeti kwa sauti ambayo shuleni ingemfukuzisha kazi. Akaingia kona kali ya kupanda. Katikati yake, simu ikalia.

Wewe ungeiacha ilie. Yeye aliwaza pikapu na binamu. Akasimama palepale mlimani, akashusha mguu wa kushoto, akaingiza mkono kotini. Mguu ukateleza kwenye kokoto, pikipiki ikamfuata taratibu, bila ugomvi, na wote wawili wakaishia mtaroni. Simu alikuwa ameishika juu, salama.

"Ripoti," bwana akasema.

"Nimelala mtaroni."

"Hali?"

"Hali nayo imelala."

Bwana akaanza kuuliza ni mtaro gani na binamu yupi aamshwe. Mama Vumbi akakata simu. Akaipa pikipiki mgongo, akachuchumaa, akaishika kwa mikono miwili na kuinuka kwa nguvu za mapaja, kama anavyoinua sufuria za shule. Ikasimama. Kioo cha pembeni kilikuwa kimepasuka, goti lilikuwa linawaka moto, na kwa mara ya kwanza alirudi nyumbani kabla ya jua kupoa.

Niliyaona yaliyofuata kwa sababu nilikuwa dirishani. Nisidanganye, nilikuwa kibarazani kwao kabisa.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," bwana akaanza.

"Guu langu zima. Kilichovunjika ni kioo, na aliyekivunja ni wewe." Mama Vumbi alivua glavu polepole. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, mume wangu, na simu ya mbali haishiki usukani. Chagua. Niende peke yangu kwelikweli, au kesho uiuze pikipiki, mimi nibaki natazama ukuta."

Bwana akakitazama kile kioo, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati. Nikarudi kwangu, jambo ambalo silifanyi kwa hiari.

Jumapili iliyofuata, vumbi la pikipiki halijatua, bwana akagonga mlango wangu. Akaweka simu yake juu ya kitambaa nilichokuwa nakata.

"Shemeji, nifichie hii. Usinipe hata nikilia."

Nikaifungia kabatini nikidhani ataondoka. Akavuta stuli, akakaa mlangoni, mikono ameikalia. Saa ilipogonga akasema alitaka kutuma salamu tu. Nikamwambia azihifadhi. Ilipogonga tena akauliza kama kabati langu halihitaji kupangwa. Akaokota pini zote sakafuni, akakunja pazia la mteja vibaya, akalikunjua, akalikunja tena. Nilikuwa nimeandaa utani wa kutosha siku nzima, lakini nilipomwona analikunjua tena pazia lilelile nikamwonea huruma, na utani ukaniishia.

Mara kabati likaanza kulia. Tulitazamana. Nikafungua, nikapokea.

"Mbona unapokea wewe?" Ilikuwa sauti ya Mama Vumbi, na upepo mwingi nyuma yake. "Nimefika juu kabisa. Tangu asubuhi hajapiga. Yuko mzima?"

"Mzima. Ameniachia simu, akasema nisimpe hata akilia."

"Amelia?"

Nikamtazama bwana. Alikuwa amesimama wima mbele yangu, anapangusa jicho kwa kidole akijifanya limeingiwa na uzi.

"Amekaribia," nikasema.

Nikamsikia akivua helmeti.

"Mpe," alisema.