Ripoti ya Mistari Mitatu

Chawanangwa Msiska alikuja hospitalini kwetu akiwa na miaka ishirini na sita, mwembamba, mpole wa maneno, na mfuko wa bisibisi begani. Hospitali yetu ni ya misheni, iko mlimani, kaskazini mwa Malawi, na mwaka ule ndiyo kwanza tulikuwa tumeletewa kompyuta. Madaftari ya zamani yalifungiwa stoo. Kila kitu cha mgonjwa kikaingia kwenye mashine: jina, uzito, dawa anazotumia na dawa zinazomdhuru. Skrini zilikuwa kila mahali, mapokezi, wodini, hata dirishani kwangu kwenye dawa, lakini zote zilitegemea mashine kuu moja iliyokuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya stoo ya dawa. Hiyo ndiyo Chawa, kama tulivyomwita kwa kifupi, aliajiriwa kuitunza.

Manesi walimpa jina siku ya pili tu. "Daktari wa Nyaya, mgonjwa wako ameamkaje?" Sista Mwiza alikuwa akimwuliza kila asubuhi.

"Anapumua."

"Mwambie asituzimikie leo, nina wajawazito sitini nje."

Aliyepata shida zaidi na kompyuta ni NyaKumwenda wa mapokezi. Kwetu mwanamke mwenye heshima zake huitwa kwa ukoo wa baba yake, na yeye tulimwita hivyo hata tukasahau jina lake la ubatizo. Alikuwa na miaka hamsini na minne, kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia kwenye meza ile ile akiandika wagonjwa kwa mkono. Alimjua kila mtu, mtoto wa nani, kaolewa wapi. Chawa alikaa naye mwezi mzima akimfundisha, na mama akajifunza kwa kidole kimoja, ulimi umetoka nje kidogo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Mwanangu, nikibonyeza hapa haitanipeleka Lilongwe?"

"Haikupeleki popote, mama."

"Basi haina kazi. Mimi nina mjukuu Lilongwe."

Walipendana, hao wawili. Alikuwa akimletea usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwa letu, kwenye kibakuli chenye mfuniko, kwa kuwa Chawa alikuwa hana mke na alishindia mkate na soda.

Mwaka wake wa pili kwetu, mwezi wa Februari, mvua zikiwa zimepamba moto, mashine kuu ikaanza kuanguka. Skrini zote zinakuwa nyeusi kwa mpigo mmoja, kisha inachukua nusu saa, mara nyingine saa mbili, kabla ya kurudi. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Chawa aliiwasha tena kila ilipoanguka, akasema ni mambo ya umeme wa masika, akaendelea na kazi zake nyingine.

Ikaja Alhamisi moja, na siku hiyo mashine ilianguka saa nne kasoro. Foleni ilikuwa imefika getini. NyaKumwenda akachukua karatasi tupu na kuanza kuandika wagonjwa kama zamani, jina na umri na kijiji, kwa sababu hayo ndiyo aliyoweza kuyajua bila mashine. Mmoja wao alikuwa Tiwonge, mke wa Yotamu Zgambo, mwanamke wa miaka ishirini na miwili, mtoto mgongoni, kikohozi na homa. Daktari akamwandikia vidonge vya salfa. Akaja dirishani kwangu.

Mimi ndiye mgawa dawa. Gondwe ndilo jina langu.

Nilimwuliza, "Kuna dawa yoyote inayokudhuru?"

"Ipo moja, iliniunguza mdomo nilipokuwa mjamzito. Silijui jina lake. Mliiandika kwenye mashine."

Niliitazama skrini yangu nyeusi. Nyuma ya Tiwonge kulikuwa na watu kama themanini, na mmoja alikuwa akigonga kioo kwa funguo. Nikampa vidonge. Nikamwambia akiona anawashwa arudi.

Alirudi siku ya nne akiwa amebebwa kwenye baiskeli. Ngozi ilikuwa inamtoka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Alikaa siku tisa wodini, akafa Jumanne mchana, mtoto akiwa nje na bibi yake.

Msimamizi wa hospitali, Bwana Luhanga, alitaka sababu, tena haraka, kwa sababu wafadhili wa zile kompyuta walikuwa wanakuja. Hakuniuliza mimi kitu, wala sikumwambia alichoniambia Tiwonge dirishani. Daktari aliandika dawa sahihi kwa ugonjwa, nami nilitoa iliyoandikwa. Swali likawa moja tu: kwa nini mashine ilizimika? Akampa Chawa siku mbili.

Mashine kama ile huweka kumbukumbu ya kila kinachofanyika ndani yake, mstari kwa mstari, na saa yake. Chawa akafungua kumbukumbu za kila siku iliyoanguka. Mara sita. Na mara zote sita, mstari wa mwisho kabla ya giza ulitoka meza namba nne. Meza namba nne ilikuwa ya NyaKumwenda.

Akamwendea. Nilikuwa hapo nikisubiri karatasi zangu.

"Mama, skrini ikikugandia huwa unafanyaje?"

"Nabonyeza kile kitufe mpaka izime, halafu nawasha. Si wewe uliyenifundisha?"

"Nilikufundisha ufanye hivyo mara moja moja."

"Sasa mara moja moja ni mara ngapi, mwanangu?"

Chawa alikwenda kuandika ripoti yake, na ripoti ilikuwa ya mistari mitatu. Ilisema mfumo ulianguka kutokana na makosa ya mtumiaji wa meza namba nne. Kwamba mtumiaji alikuwa akizima na kuwasha vibaya. Kwamba inapendekezwa awekwe mtu mwenye ujuzi. Akatia sahihi. Jumatatu NyaKumwenda akaitwa ofisini, akatoka na barua, akakusanya kikombe chake na kitambaa alichokuwa akifunikia kiti. Alipita dirishani kwangu bila kuniangalia. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakanong'onezana, "Ndiye huyo aliyezima mashine."

Mahali pake aliwekwa binti mwenye cheti, mwepesi wa vidole. Siku nane baadaye, Jumanne, yule binti alikuwa amechelewa, meza namba nne haina mtu, na skrini zote zikazimika.

Chawa alikuja dirishani kwangu akihema. "Gondwe, umegusa nini?"

"Nimeandika panado. Panado tu."

"Mstari wa mwisho ni wako."

"Kwa hiyo na mimi nifukuzwe?"

Nilisema kwa hasira, lakini yeye alikaa juu ya boksi la dripu. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mapokezi yanaandika mgonjwa mpya karibu kila dakika, kuliko meza nyingine yoyote. Mashine ikizimika wakati wowote ule, ni lazima wa mwisho kuandika awe wa mapokezi. "Sikuona aliyeizima," akasema. "Niliona aliyekuwa anafanya kazi."

Kuanzia hapo akawa mtu mwingine. Alilifungua sanduku la mashine akatoa vumbi kwa brashi ya rangi, akidhani ni joto. Ikaanguka. Akachomoa vipande vya ndani kimoja kimoja, akasafisha meno yake kwa spiriti ya wodini, akavirudisha. Ikaanguka. Akabadilisha diski. Ikaanguka tena, na Bwana Luhanga akamfokea kwenye korido mbele ya wagonjwa. Mwisho alichukua kalenda ya ukutani, akazungushia duara kila siku iliyoanguka. Duara zote zilikuwa kwenye Jumanne na Alhamisi.

"Sista, Jumanne na Alhamisi kuna nini hapa?"

"Upasuaji," Sista Mwiza akamjibu. "Miaka miwili uko nasi hujui siku za kisu? Kaa chumbani humo na nyaya zako, utakuja kuoa waya."

Alhamisi iliyofuata alileta kiti kwenye kile chumba, akakaa tu, hakugusa kitu. Aliniomba nikae naye nitazame saa. Saa nne kasoro dakika nane, ule mtambo mpya wa mvuke wa kuchemshia vyombo vya upasuaji ukaanza kunguruma upande wa pili wa ukuta. Taa ya juu yetu ikafifia, ikawa ya njano, kama sekunde mbili. Mashine kuu ikanyamaza. Taa ikarudi kuwa nyeupe. Huko nje nikasikia watu wakiguna wote pamoja.

Akapanda ngazi, akaufuata waya darini mpaka mwisho. Mafundi waliokuja Januari kufunga mtambo wa mvuke walikuwa wameuunga kwenye waya ule ule unaolisha chumba chetu. Ukiwaka, unanyonya umeme wote.

"Basi umepata!" nikamwambia. "Ni mafundi. Kaandike."

"Bado," akasema. "Umeme ukipungua, betri ndiyo inapaswa kushika."

Chini ya meza kulikuwa na sanduku la betri, zito, jeusi. Akaligeuza, akafungua skrubu nne. Betri zote zilikuwa zimevimba hadi zimepasua plastiki, na unga mweupe umeota kwenye ncha zake. Zilikuwa zimekufa zamani. Ubavuni mwa sanduku kulikuwa na kadi ya ukaguzi: kila miezi mitatu, zima umeme, hakikisha betri inashika, tia sahihi. Sahihi zilikuwa saba, zote kwa wino wa bluu, zote za C. Msiska.

"Sikuwahi kuijaribu hata mara moja," akaniambia. Alikuwa bado amepiga magoti. "Ukiijaribu inabidi watu wote waache kazi robo saa. Manesi wanapiga kelele. Nikawa natia sahihi tu."

Niliokota zile skrubu nne sakafuni.

Bwana Luhanga alipopewa ripoti mpya, kurasa nne safari hii, aliisoma yote, akaiweka kwenye droo. "Betri zitanunuliwa. Waya utatenganishwa. Hili limekwisha."

"Na NyaKumwenda, bwana?"

"NyaKumwenda angestaafu tu mwakani. Unataka niwaambie wafadhili kwamba tumekosea mara mbili? Kafanye kazi, kijana."

Asubuhi iliyofuata tulikuwa kwenye maombi, kama kila siku kabla ya kazi. Baada ya wimbo wa mwisho huwa kuna matangazo. Chawa akasimama. Alisema yote, betri, sahihi, mistari mitatu, na jina la mama yule akalitaja kwa ukamilifu wake, mpaka la ubatizo. Alipomaliza hakuna aliyesema amina wala pole. Tulitoka mmoja mmoja kwenda kwenye kazi zetu.

Jumapili aliniomba nimsindikize kwa NyaKumwenda, kijijini kwao. Tulimkuta uani akimenya muhogo wa kuloweka. Alitukaribisha vizuri, akatutandikia mkeka, akauliza habari za kila mmoja wa hospitalini hadi mlinzi. Chawa akapiga magoti akaeleza. Mama alisikiliza bila kuacha kumenya.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe, mama. Haikuwa wewe hata siku moja."

Kisu kikasimama. "Mwanangu, ulichelewa. Mimi nilishaamini. Nani angejua kuliko wewe? Nikaenda kwa Yotamu Zgambo na kuku wawili, nikapiga magoti mlangoni kwake mbele ya ndugu zake, nikamwambia mkono uliomwua mke wako ni huu hapa. Mama yake akanitemea mate. Nikaona ni haki yangu." Akamtazama. "Sasa nirudi nikamwambie nini? Kwamba nilikosea kuhusu mkono wangu mwenyewe?"

"Nitakwenda mimi."

"Nenda," akasema. "Lakini mimi hapo mapokezi sirudi, usiniombe. Kuleni nsima kwanza."

Tulikula ule ugali wake. Ndio mlo mgumu kuliko yote niliyowahi kula.

Kwa Yotamu alikwenda peke yake, siku ile ile jioni. Mimi nilisema nina zamu. Aliniambia baadaye kwamba Yotamu alimsikiliza akiwa amesimama, mtoto mkononi, na alipomaliza akamwuliza, "Kwa hiyo mtakuwa mnakuja mmoja mmoja?" Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Mkataba wa Chawa uliisha mwezi wa sita, haukuongezwa. Yuko mjini Mzuzu sasa, anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko, na wanaomfahamu wanasema ni fundi mwenye kuchosha, hakurudishii simu mpaka aijaribu mara tatu mbele yako. NyaKumwenda akiumwa huvuka mto kwenda zahanati ya ng'ambo, mwendo wa saa tatu kwa miguu, badala ya kuja kwetu. Mashine haijaanguka tena.

Mimi bado niko dirishani. Nyumba ya Yotamu iko njiani ninapokwenda kanisani, na kila Jumapili napita upande wa pili wa barabara.