Nilivyompeleka Liguru Hospitali Kutetea Mguu Wangu

Wasomaji, chekeni tu, mimi nimeshajicheka. Nimekata miwa huku Butali hadi ugonjwa wa sukari ukala vidole vyangu viwili vya mguu, na hospitalini hakuna aliyenieleza mguu wenyewe utaishia wapi. Kwa hivyo niliposikia kuna mama anayesimama na wagonjwa mbele ya daktari, anaitwa Violet, moyo uliruka! Akaniambia, "Baba, Jumatano tunaona daktari. Kuja na mtu wako."

Mtu mmoja? Kwetu kesi haiendi hivyo! Jumatano nilibeba liguru, mzee wetu wa kijiji, na ndugu zangu wote, na shemeji Shikuku, yule mjuaji. Nikasimama mbele ya daktari nikafoka: "Nesi Beatrice, yule hunifunga kidonda, ndiye anaharibu mguu wangu! Mimi nafuatanga kila kitu alisema. Apigwe faini ya jogoo!"

"Kabisa!" liguru akagonga fimbo.

Violet akanishika mkono. "Baba, sikuja kupigana na mtu. Nataka uelezwe na usikizwe. Uliza ile swali yako."

Sauti yangu ikapungua. "Daktari, mguu utakatwa?"

Daktari akafungua bandeji. Woi! Sukari nguru, ile ya miwa, niliyopaka kuvuta usaha kama Shikuku alivyoniambia, ilikuwa imeyeyuka. Sisimizi wakatoka kwa mstari, wakaelekea viatu vya liguru.

Daktari akasafisha kidonda, akakiangalia sana. "Mguu haukatwi. Lakini nani anaulisha sukari?"

Violet hakuniachilia mkono. "Mwambie, baba. Niko na wewe."

Nikageuka nimwonyeshe Shikuku. Kiti chake kilikuwa kitupu, na ukoo mzima ulikuwa unaniangalia mimi.